Hesabu Huanza Sufuria Inapoepuliwa

Muulize mkulima wa Kachibora, Trans Nzoia, mahindi yakauke kiasi gani kabla ya kuingia ghalani, naye atakutajia namba papo hapo: unyevu usizidi asilimia 13.5. Hicho ndicho kipimo cha Bodi ya Nafaka na Mazao, na ukifika kwenye ghala la Kitale au la Moi's Bridge na mzigo wenye unyevu wa 16, jiandae kuanika upya au kulipia kukaushiwa. Muulize jirani yake anayekamua ng'ombe wa gredi, atakuambia maziwa ya asubuhi hayangoji jua lipande. Lazima yafike mapema kwenye tangi la kupozea na yashuke hadi nyuzi 4 za sentigredi. Trans Nzoia ndiyo kaunti inayolisha sehemu kubwa ya Kenya, na watu wake wamejifunza kwa hasara kwamba kuvuna ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuhifadhi.

Sasa uliza swali dogo zaidi. Kuku amepikwa Jumapili, wageni wamekula wakashiba, imebaki nusu sufuria. Ataliwa mpaka lini? Hapo namba zinapotea. Mmoja atasema mpaka aanze kunuka. Mwingine atasema ukimchemsha kila jioni anamaliza wiki. Wa tatu atakukumbusha kwamba sisi tunaishi chini ya milima ya Cherang'any, kwenye baridi, na chakula hakichachi huku kama kinavyochacha Mombasa. Jibu linalonitia wasiwasi kuliko yote hutoka kwa mwenye friji: akishaingia ndani, hana shida.

Majibu yote manne yana makosa, na makosa hayo huonekana hospitalini na vyooni. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu yake mwaka 2015: kila mwaka watu milioni 91 barani Afrika huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 137,000 kati yao hufa. Hao si wote waliokula kuku. Lakini kuku, kwa jinsi anavyofugwa, anavyochinjwa na anavyopendwa, ana nafasi yake kubwa katika hesabu hiyo.

Na huku kwetu anapendwa kweli. Katika nyumba za Waluhya, kuanzia Trans Nzoia hadi Bungoma, mgeni hajakaribishwa mpaka kuku achinjwe, na firigisi ina mwenyewe. Mtoto anayeidokoa jikoni anajua atakachokipata. Soko la Chwele limevuma kwa kuku kiasi kwamba serikali ya kaunti ya Bungoma ilijenga kichinjio chao hapo hapo. Krismasi ikikaribia, bei ya jogoo wa kienyeji hupita shilingi 1,000, na anayemnunua kwa bei hiyo hawezi kutupa paja lake kwa sababu tu limelala. Naelewa vizuri uchungu huo. Ndiyo maana nataka kuku naye apewe namba zake, kama mahindi na maziwa, ili aliwe akiwa bado chakula na asifike mahali pa kutupwa.

Namba zenyewe ni hizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kanuni tano za usalama wa chakula, uliochapishwa mwaka 2006, unasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kiporo kisikae kwenye friji zaidi ya siku tatu wala kisipashwe moto zaidi ya mara moja. Idara ya Kilimo ya Marekani inaruhusu kuku aliyepikwa akae siku tatu hadi nne, mradi friji iwe na nyuzi 4 au chini ya hapo. Waingereza ni wakali zaidi: mamlaka yao ya viwango vya chakula inataka kiporo kiliwe ndani ya saa 48.

Msomaji atauliza amfuate nani. Mimi nasema hivi. Siku tatu ndizo mwisho kwa nyumba ya Kachibora yenye friji inayofanya kazi sawasawa. Nyumba yenye mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee, au mgonjwa ambaye kinga yake imepungua, ifuate Waingereza na kuishia siku mbili. Kuna bakteria anayeitwa Listeria ambaye hukua polepole hata ndani ya friji, na kwa mama mjamzito anaweza kuharibu mimba huku mama mwenyewe akihisi homa kidogo tu. Siku ya nne ya Wamarekani imewekewa friji ambayo stima yake haikatiki.

Jambo ambalo wengi hukosea ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Hesabu haianzi kuku anapoingia kwenye friji. Huanza sufuria inapoepuliwa. Kuku aliyeepuliwa saa saba mchana, akakaa mezani wageni wakizungumza mpaka saa moja jioni, halafu akaingizwa ndani ya friji, hana siku tatu mbele yake. Hana hata moja. Saa zake mbili ziliisha alasiri, na friji haiwezi kuzirudisha.

Kwa nini saa mbili? Hapa inafaa kukaa kidogo, maana mtu akielewa kinachotokea ndani ya sufuria hahitaji kusimamiwa.

Salmonella na Campylobacter ni bakteria wanaoishi matumboni mwa kuku bila kumsumbua. Moto unawaua. Nyama ikifika nyuzi 74 mpaka kwenye mfupa, hao wamekwisha. Kwa sisi wa nyanda za juu kuna hoja nyingine hapa: Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, wala hayafiki 100. Ndiyo sababu mojawapo maharagwe ya huku huchukua muda mrefu kuiva kuliko ya Pwani. Hata hivyo nyuzi 94 zinatosha kabisa kwa kuku, na jogoo wa kienyeji anayetokota zaidi ya saa nzima hana Salmonella aliye hai ndani yake. Upishi wetu hauna kasoro hapo. Kasoro huja baadaye.

Kuna bakteria wa aina nyingine, Clostridium perfringens, ambaye akiona joto limezidi hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Ganda hilo huvumilia kuchemka. Sufuria ikiepuliwa na mchuzi ukapoa kufikia nyuzi 50 hivi, analivunja ganda na kuanza kuzaana, na hakuna joto analolipenda kama nyuzi 43 hadi 45, yaani mchuzi ambao ukiutia kidole unauona ni vuguvugu tu. Katika joto hilo anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi au pungufu. Piga hesabu: mmoja, kwa saa mbili, wanakuwa zaidi ya 4,000. Kwa saa tatu wanapita 260,000. Anayekula hahisi chochote mlo ule. Tumbo huanza kumkata baada ya saa sita mpaka saa 24, kisha anahara, na kwa kuwa wakati huo ameshakula kitu kingine, lawama huangukia chai ya asubuhi au maji ya kisima. Wengi hupona ndani ya siku moja bila kwenda popote, na kuku wa jana anabaki na jina safi.

Sasa tazama sufuria ya Jumapili. Ni ya alumini, nzito, imejaa mchuzi mpaka karibu na mkono, imefunikwa kwa mfuniko na juu yake pengine sahani iliyogeuzwa. Mafuta ya kuku wa kienyeji, yale ya manjano, yamepanda juu na kuganda kama utando. Ukigusa ubavu wa sufuria jioni utasema imepoa. Ingiza kijiko katikati, chini ya utando ule, ukitoe na kukigusa: bado kuna joto. Mafuta yaliyoganda yamelizuia lisitoke. Pale katikati, kwa saa nne au tano, mchuzi umekuwa kwenye joto lile lile ambalo bakteria huyo hulipenda.

Dawa yake haina gharama. Mara tu watu wanapomaliza kula, kilichobaki kitolewe kwenye sufuria kubwa. Vipande viwekwe kwenye bakuli pana au sinia lenye kingo, mchuzi usizidi kina cha vidole vitatu. Bakuli likalishwe ndani ya karai la maji baridi, na maji yabadilishwe yakipata joto. Hapa ndipo hali yetu ya hewa inapotusaidia kwa haki, maana maji ya bomba na ya visima huku ni ya baridi kweli, na mchuzi wa kina kifupi hupoa upesi. Mvuke ukikatika, funika uingize kwenye friji. Usingoje upoe kabisa. Watu wengi wamefundishwa kwamba chakula chenye uvuguvugu huharibu friji. Kwa bakuli moja au mawili hakiharibu kitu. Sufuria nzima ya moto ndiyo hupandisha joto la friji yote, pamoja na maziwa na nyama mbichi iliyokuwa humo.

Nirudi kwa yule anayetegemea baridi ya Cherang'any. Usiku wa Kitale hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mtu akitoka nje kwenda kufunga zizi anatetemeka. Lakini joto ambamo bakteria huzaana ni kuanzia nyuzi 5 hadi 60. Usiku wetu wa baridi kali bado ni zaidi ya mara mbili ya nyuzi 5, na mchana hupanda mpaka nyuzi 25 na zaidi. Jikoni, palipo na makaa yaliyofukiwa kwenye majivu, ni joto zaidi ya nje. Ni kweli kwamba mchuzi huchelewa kuchacha Kachibora kuliko Mombasa. Huchelewa kuchacha, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu wanaochachusha na kunukisha chakula ni bakteria wa aina moja, na wanaowagonjesha watu ni wa aina nyingine. Kuku anaweza kujaa Clostridium au Salmonella na bado akanukia vitunguu na dania kama alivyonukia alipoiva.

Suala hili la pua Wakenya tulilipia gharama kubwa kwa upande wa mahindi. Mwaka 2004, katika eneo la mashariki mwa nchi, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini na 125 wakafa. Mengi ya mahindi yaliyowaua yalitoka ghalani mwao, na kuyanusa hakukuwa na maana, kwa kuwa sumu ile haina harufu. Tangu hapo hakuna mkulima mwenye akili anayebishana na kipimo cha unyevu eti kwa kuwa mahindi yake yanapendeza machoni. Kuku anastahili heshima hiyo hiyo.

Na yule anayechemsha kila jioni? Ana hoja, lakini si nzima. Kuchemsha huua bakteria waliokwisha kuamka. Hakuvunji maganda ya wanaolala, na sufuria ikipoa tena usiku, mzunguko unaanza upya. Kibaya zaidi, kuna bakteria wanaoacha sumu isiyokufa kwa moto. Staphylococcus aureus huishi puani, kwenye ngozi na kwenye vidonda vya mikono yetu. Mtu akinyofoa nyama kwa vidole, akarudisha kipande kwenye bakuli, bakuli likakaa mezani, bakteria yule atazaana na kumwaga sumu ndani ya nyama. Ukichemsha unamuua yeye. Sumu yake inabaki ilivyokuwa. Huyu ndiye anayesababisha kutapika kwa ghafla, wakati mwingine nusu saa tu baada ya kula. Kwa hiyo kinachobaki kinyofolewe kwa uma au mikono iliyooshwa kwa sabuni, na mabaki ya sahani za watu yasirudishwe kwenye sufuria.

Pilau ya kuku na wali uliochanganywa na mchuzi vina sheria yao. Mchele una Bacillus cereus, naye ana ganda linalovumilia moto na sumu inayovumilia moto pia. Kuku akichanganywa na wali, hahesabiwi tena kama kuku, huhesabiwa kama wali, na wali uliopikwa haupaswi kupita siku moja kwenye friji. Ukitaka nyama ikae siku mbili au tatu, itenge na wali tangu mwanzo.

Sasa friji yenyewe. Friji haiui bakteria. Inawapunguzia mwendo, na hufanya hivyo ikiwa tu ni baridi ya kutosha. Nyumba nyingi zenye friji hazijawahi kupima joto lake. Watu huangalia kama soda ni baridi. Kipimajoto kidogo cha friji ni kitu rahisi, na kinatoa jibu usiku mmoja: kitie ndani ya glasi ya maji, iweke rafu ya katikati, kisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Kikisoma zaidi ya 5, geuza kitufe. Kuku aliyepikwa akae rafu ya juu, amefunikwa, na nyama mbichi ikae chini kabisa ili damu yake isidondokee chakula kilichoiva. Mlangoni ni mahali pa maji ya kunywa, kwa kuwa hapo joto hupanda kila mlango unapofunguliwa. Na friji ya Krismasi, ile iliyoshindiliwa mpaka hewa haipiti, haipozi kitu sawasawa hata kama inanguruma usiku kucha.

Halafu kuna stima. Yeyote aliyekaa Kachibora msimu wa mvua anajua radi moja ya jioni inatosha kupeleka kijiji kizima gizani. Tena hatuko peke yetu. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani, na sehemu nyingi zilikaa bila stima mpaka kesho yake. Kanuni ya hali kama hiyo ni rahisi: friji ambayo mlango wake haukufunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Stima ikirudi ndani ya muda huo, kuku yuko sawa. Ikipita, kuku aliyepikwa hafai, hata kama mlango ulifungwa. Friza iliyojaa hukaa saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Kwa anayesafiri kwenda ushago akaacha nyumba, kuna hila nzuri: gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na kilichomo hakipaswi kuaminiwa.

Lakini kuna kukatika kwa stima tunakojiletea wenyewe. Katika nyumba nyingi friji huzimwa usiku ili tokeni zisiishe. Najua tokeni ni ghali na najua mwezi una siku nyingi. Hata hivyo friji inayozimwa saa tatu usiku na kuwashwa saa kumi na mbili asubuhi imekaa saa tisa bila umeme. Hiyo ni kabati. Kuku wa kulala ndani yake anahesabiwa kama kuku aliyelala mezani. Kama lazima friji izimwe, basi isiwekwe nyama iliyopikwa. Itumike kwa mboga na maji.

Friza ndiyo mkombozi wa kweli kwa aliyepika kupita kiasi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaani kabisa, na kuku aliyepikwa hubaki na ladha yake kwa miezi miwili hadi sita. Sharti ni moja: aingie siku ya kwanza, akiwa bado mzima, katika mifuko midogo inayotosha mlo mmoja. Anayegandisha siku ya tatu amegandisha matatizo yaliyokwisha kuanza. Na wakati wa kumyeyusha, ahamishiwe kwenye friji tangu jana yake. Akiachwa kwenye sinki kutwa nzima, nje anakuwa vuguvugu huku ndani kungali barafu.

Kuna siku moja ambayo kanuni hizi zote huvunjwa kwa upendo mtupu, nayo ni siku ya wazazi kuwatembelea watoto shule za bweni. Mama huamka saa tisa usiku, akakaanga kuku, akapika chapati, akapakia kila kitu kwenye hotipoti na kukaza kifuniko. Saa kumi na mbili anapanda matatu kwenda Kitale, anabadilisha gari kwenda Bungoma au Webuye, anafika shuleni saa nne, anangoja mikutano ya wazazi iishe. Mtoto anafungua hotipoti saa saba au saa nane mchana, saa kumi hivi baada ya kuku kuepuliwa, na anafurahi kuona bado kuna uvuguvugu. Uvuguvugu ule ndio niliousema hapo juu, nyuzi arobaini na kitu, hotipoti ikiushikilia kwa saa nyingi ili usishuke. Kisha kinachobaki huingia kwenye sanduku la bweni kwa ajili ya usiku. Sisemi mzazi aende mikono mitupu. Nasema kuku apikwe mwisho, aingie kwenye hotipoti akiwa anatoa mvuke, hotipoti yenyewe ikiwa imesuuzwa kwa maji yanayochemka, na safari ndefu ibebewe vitu vikavu: chapati, mandazi, karanga, ndizi. Kama shule iko mbali kiasi cha kupita saa mbili tatu, kuku anunuliwe karibu na shule, wa moto. Na mtoto asibakize nyama sandukuni, hata kipande kimoja.

Matanga yana hekima ambayo ningependa irudi nyumbani. Pale sufuria ni kubwa, watu ni wengi, na chakula kikibaki hugawiwa usiku ule ule. Kila jirani huondoka na bakuli. Kwa nyumba isiyo na friji, na bado ndizo nyingi huku, huo ndio mpango bora kuliko wote. Kuku mmoja wa kienyeji kwa watu wanne atabaki. Kwa watu wanane ataisha. Aitwe jirani, apelekewe shemeji, watoto waongezewe mara ya pili. Watu watatu nyumbani wanaweza kupika nusu ya kuku kama wamemnunua mchana huo huo kwa kugawana na jirani. Chungu chenye mchanga mbichi na kabati la makaa yaliyolowa maji ni vitu vizuri kwa nyanya na sukuma wiki, lakini ubaridi wake haufiki nyuzi 5, kwa hiyo visitegemewe kwa nyama iliyopikwa. Na anayebakiza chakula cha mchana kwa ajili ya usiku bila friji, akiweke juu ya makaa kikiwa moto wa kutoa mvuke, juu ya nyuzi 60, mpaka kiliwe. Kuku aliyelala usiku kucha bila moto wala friji asiliwe asubuhi, hata kama amechemshwa.

Wenye hoteli za Kachibora na za stendi ya Kitale wanafungwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Mteja naye ana haki ya kutazama. Mchuzi unaopakuliwa unatoa mvuke au umetulia tu kwenye jiko lililozimika? Ukiona umetulia, agiza mayai yakaangwe mbele yako.

Ikitokea mtu ameumwa, asikimbilie dawa za kufunga tumbo wala kujiandikia mwenyewe kwamba ni taifodi. La kwanza ni maji: paketi ya ORS kwenye maji safi, kidogo kidogo, mara nyingi; kwa mtoto, ORS pamoja na zinki. Kuhara damu, homa kali, macho kudidimia, mtoto kulegea au kukosa mkojo, kutapika kusikokoma, vyote ni vya kumpeleka hospitali ya Kachibora saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mama mjamzito mwenye homa baada ya kula kiporo asingoje kesho.

Basi kuku aliyepikwa Jumapili mchana, akaingia kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, akapashwa moto mara moja mpaka mchuzi ukachemka, mwisho wake ni Jumatano mchana. Ukiamka Alhamisi na bado yupo, usimnuse, usimchemshe, wala usimpe kibarua wa shamba. Mchimbie shimo umfukie kwa kina ambacho mbwa hawatamfukua.